Kimo kwanza, mashine baadaye: jinsi presha ya mtoto wa shule inavyosomwa

Chukua mfano wa mvulana wa miaka 10 anayesoma Alego, kaunti ya Siaya. Amepimwa presha na namba zimetoka 114 kwa 74. Mtu mzima akipata namba hizo anaambiwa arudi nyumbani kwa amani. Kwa mtoto huyu hakuna anayeweza kusema lolote bado, si mwalimu, si mhudumu wa afya ya jamii wala daktari, mpaka lijibiwe swali ambalo wazazi wengi hawalitarajii: ana kimo gani?

Akiwa na sentimita 130, presha hiyo imevuka mstari wa hatari. Akiwa na sentimita 153, ni ya kawaida kabisa. Namba ni zile zile na umri ni ule ule. Kilichobadilika ni mwili uliobeba namba hizo, na ndiyo sababu upimaji wa presha shuleni unaoanza na mashine na kumalizia na futi umeanzia mwisho.

Presha hupanda polepole kadiri mtoto anavyokua, na mtoto mrefu, ambaye moyo wake unahudumia mwili mkubwa zaidi, kwa kawaida huwa na presha ya juu kidogo kuliko mfupi wa rika lake. Kwa hiyo hakuna namba moja inayowatenga watoto wote wazima na wote wagonjwa. Kinachotumika ni jedwali lililopangwa kwa umri, jinsia na kimo, na lugha yake ni pasentaili. Wapange wavulana 100 wazima wenye umri mmoja na kimo kimoja kwenye mstari, mwenye presha ya chini kabisa akiwa mbele na wa juu kabisa nyuma. Presha ya yule wa 90 ndiyo pasentaili ya 90, na ya yule wa 95 ndiyo pasentaili ya 95. Mtoto aliye chini ya mstari wa 90 presha yake ni ya kawaida. Aliye kati ya 90 na 95 presha imepanda na inafuatiliwa. Aliyefika 95 au kuupita, tena katika siku tatu tofauti, ndiye anayesemekana ana shinikizo la juu la damu. Akiupita mstari huo wa 95 kwa milimita 12 za zebaki (kizio kinachotumika kupimia presha) au zaidi, amefika hatua ya pili, ambayo haisubiri. Kuanzia miaka 13 mambo yanarahisika: kawaida ni chini ya 120 kwa 80, na shinikizo la juu linaanzia 130 kwa 80, sawa na mistari ambayo madaktari wa Marekani wanaitumia kwa watu wazima.

Jedwali linalotumika sana lilitolewa mwaka 2017 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, likitokana na vipimo vya watoto karibu 50,000 wenye uzito wa kawaida. Lile la 2004 liliwajumuisha pia watoto wanene, kwa hiyo mistari yake iko juu kidogo. Ukikuta chati ya zamani bado imebandikwa ukutani kwenye zahanati, mtoto mmoja anaweza kuwa mzima kwa chati hiyo na kuwa na tatizo kwa ile mpya. Angalia mwaka wa chati kabla ya kuangalia namba zake.

Kwenye jedwali la 2017, mvulana wa miaka 10 aliye miongoni mwa wafupi, wa kimo cha takribani sentimita 130, mstari wake wa 95 kwa namba ya juu, ile inayotajwa kwanza kati ya mbili, ni 112. Wa umri huo huo aliye miongoni mwa warefu, wa takribani sentimita 153, mstari wake ni 121. Hiyo ni tofauti ya 9, yote kwa ajili ya kimo. Hapa kuna jambo linalowagusa moja kwa moja watoto wa vijijini kwetu. Safu ya kwanza kabisa ya jedwali inaanzia sentimita 130. Mvulana aliyedumaa, mwenye sentimita 123, hayumo ndani yake. Anasomwa kwenye safu hiyo ya wafupi kabisa, na mpimaji aandike kwamba kimo chake kiko chini ya safu, ili atakayeisoma fomu ajue mtoto huyu ana maswali mawili, la presha na la ukuaji.

Watoto wa namna hiyo si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 18. Tumeteremka, na ni jambo la kufurahia, lakini watoto waliokuwa wadogo mwaka 2014 ndio wanaokaa kwenye madawati ya madarasa ya juu leo, na kimo walichokosa wakiwa na miaka miwili hakirudi chote.

Umri, kimo na kilo

Anza na tarehe ya kuzaliwa, wala usitosheke na jibu la mtoto mwenyewe. Shule huwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na mama wengi wamehifadhi kijitabu cha kliniki. Darasa si kipimo cha umri. Gredi ya nne moja inaweza kuwa na mtoto wa miaka 9 na mwingine wa 13 waliokaa dawati moja. Andika miaka na miezi iliyotimia. Kosa la mwaka mmoja linaweza kumfanya mtoto wa kawaida aonekane amedumaa, au aliyedumaa aonekane mzima.

Kimo kinapimwa bila viatu, bila soksi nene, bila kofia, na matuta ya nywele yakiwa yamefunguliwa au kusogezwa pembeni. Kama shule haina kifaa maalumu cha mbao, futi ya chuma ikibandikwa wima kwenye ukuta ulionyooka inatosha, ilimradi sifuri yake iguse sakafu na ukuta usiwe na ukingo wa saruji chini, ambao humsukuma mtoto mbele. Visigino viwe pamoja vikigusa ukuta, makalio na mgongo wa juu viguse, magoti yanyooke. Kichwa kikae sawa: mstari kutoka tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa jicho uwe mlalo. Watoto wengi wakiambiwa "simama wima" huinua kidevu, na kidevu kikipanda kimo kinapungua. Shusha kibao chenye pembe mraba mpaka kibane nywele na kugusa fuvu, mwambie mtoto avute pumzi, soma jicho lako likiwa usawa wa kibao. Mpimaji mrefu asiyeinama husoma vibaya kila mtoto, na kosa lake linakuwa la aina moja siku nzima. Soma hadi milimita, toa mtoto, mrudishe, pima tena. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, pima cha tatu. Kumbuka pia kwamba mtu hupungua hadi karibu sentimita moja kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hiyo usipime darasa moja saa mbili asubuhi na jingine saa kumi alasiri kisha ukalinganisha.

Mizani inataka sakafu ngumu. Kwenye darasa la udongo weka ubao mzito chini yake, maana mizani ya bafuni inayozama kidogo upande mmoja inasoma pungufu. Kabla ya mtoto wa kwanza ijaribu kwa kitu unachojua uzito wake: robota la unga lenye pakiti 12 za kilo mbili ni kilo 24 na kidogo cha makaratasi. Rudia jaribio hilo katikati ya kazi na mwishoni. Sweta, viatu, na vitu vya mfukoni vitolewe. Sweta ya shule iliyonyeshewa inaweza kuongeza nusu kilo bila mtu kutambua.

Sasa linganisha wavulana wawili, wote wa miaka 10 kamili, wote wakiwa na kilo 25. Mizani haioni tofauti yoyote kati yao. Wa kwanza ana sentimita 123. Gawanya kilo 25 kwa mita 1.23 mara 1.23, unapata 16.5. Uwiano huo wa uzito na kimo, BMI, kwa umri wake uko katikati kabisa. Chati ya Shirika la Afya Duniani ya 2007 inaweka katikati ya wavulana wa miaka 10 kwenye 16.4. Lakini kimo chake kiko chini ya sentimita 125, ambao ndio mpaka wa udumavu kwa umri huo. Wa pili ana sentimita 138, kimo cha kawaida, na uwiano wake ni 13.1, chini ya 13.7 ambao ni mpaka wa ukondefu. Mmoja alinyimwa chakula bora miaka ya mwanzo na mwili ukakubali kuwa mdogo. Mwingine anapungukiwa sasa hivi, au anaumwa. Matatizo mawili, matibabu mawili, kilo zile zile. Shule inayoandika kilo peke yake haitajua ipi ni ipi.

Upande wa uzito mkubwa, kwa mvulana wa miaka 10 unene unaanza kuhesabiwa BMI ikipita 18.5 na unene wa kupindukia ikipita 21.4, kwa msichana ni 19.0 na 22.6. Wazazi hushangaa, kwa sababu 22 kwa mtu mzima ni uzito mzuri. Usitumie kamwe mipaka ya watu wazima kwa mtoto.

Kiuno kinapimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mtoto akiwa ametoa pumzi ya kawaida, futi ikigusa ngozi bila kuibana. Ukigawanya kiuno kwa kimo na ukapata 0.5 au zaidi, mafuta yamejikusanya tumboni. Ni kipimo kizuri, lakini tumbo lililojaa minyoo, au wengu uliovimba kwa malaria ya mara kwa mara, jambo ambalo ukanda wa Ziwa Victoria unalijua vizuri, nalo huongeza kiuno. Mtoto mwembamba mwenye tumbo kubwa si mnene. Huyo anahitaji kuchunguzwa. Kipimo hiki kifanyike kwenye faragha, na wasichana wapimwe na mwanamke.

Mkono ndio unaochagua mkanda

Kipimo cha mwisho cha mwili ndicho kinachofungua mlango wa presha, na ndicho kinachorukwa mara nyingi zaidi. Mtoto akunje mkono wa kulia, pima kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kiwiko, weka alama katikati. Anyooshe mkono uning'inie, zungusha futi kwenye alama. Tuseme ni sentimita 18.

Ndani ya mkanda wa presha kuna mfuko wa mpira unaojaa hewa. Upana wa mfuko huo uwe angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu wake uwe asilimia 80 hadi 100. Kwa mkono wa sentimita 18, upana ni angalau sentimita 7.2 na urefu ni kati ya 14.4 na 18. Hiyo ni hesabu ya mfuko wa ndani, si kitambaa cha nje. Mkanda mdogo kuliko mkono hulazimisha hewa nyingi zaidi ili kuubana mshipa, na presha inatoka juu kuliko ilivyo. Mkanda mkubwa unaishusha. Tazama inavyokwenda shuleni: mashine za kidijitali zilizo mikononi mwa wahudumu wengi huja na mkanda wa mtu mzima, ambao mara nyingi umeandikwa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Watoto wembamba wa gredi ya tatu wakifungwa mkanda huo wote wanaonekana wazima, na yule mwenye tatizo la figo anapita nao. Kinyume chake, kijana mnene wa gredi ya nane akifungwa mkanda wa mtoto anaambiwa ana presha asiyo nayo. Mkanda mmoja hautoshi shule moja. Kwa watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tisa jiandae na saizi tatu, na ukilazimika kuchagua kati ya mbili, chukua kubwa.

Mashine ya kidijitali haisikii mapigo. Inahisi mtikisiko wa mshipa na kukokotoa namba kwa kanuni ya mtengenezaji wake. Nyingi zimejaribiwa kwa watu wazima tu. Inafaa kwa kuchuja, lakini presha iliyovuka mstari ihakikishwe kwa mashine ya mshale na stetoskopu, kwa njia aliyoieleza daktari Mrusi Nikolai Korotkoff mwaka 1905, ambayo bado ndiyo msingi wa jedwali. Mshale wenyewe ukae kwenye sifuri kabla ya kupuliza. Ukilala kwenye 4 au 6, mashine hiyo irudi kwa fundi.

Mtoto asipimwe akitoka mbio uwanjani. Apewe nafasi ya kukojoa, akae kimya dakika 3 hadi 5, mgongo ukiegemea, nyayo zote mbili zikiwa chini, miguu isipishane. Dawati la shule halina pa kuegemea na mtoto mdogo miguu yake inaning'inia: tafuta kiti cha walimu na uweke tofali au kibao chini ya nyayo. Kama amekunywa chai asubuhi, nusu saa ipite. Tumia mkono wa kulia, kwa sababu jedwali limetokana nao, na kwa sababu kuna kasoro ya kuzaliwa ya mshipa mkuu wa moyo, uliobanwa mahali, ambayo huficha presha kwenye mkono wa kushoto. Mkono ulale juu ya meza, katikati ya mkanda ikiwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, presha inaongezeka kwa takribani 8 bila ugonjwa wowote. Sweta isikunjwe juu ikabana bega, ivuliwe.

Shika kifundo cha mkono, puliza hadi mapigo yapotee, ongeza 20 hadi 30, kisha weka stetoskopu kwenye kikunjo cha kiwiko na uachie hewa taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ni namba ya juu, kunyamaza kwake ni namba ya chini. Kwa baadhi ya watoto sauti inaendelea karibu hadi sifuri. Hapo andika pale sauti ilipofifia ghafla. Ukiachia hewa haraka unakosa sauti ya kwanza na namba ya juu inashuka. Mkaguzi wa fomu ana alama moja ya kumtambua mpimaji aliyechoka: namba zote zinaishia na sifuri.

Wote kimya, hata mpimaji. Mtoto anayeongea au kuogopa presha yake inapanda, na foleni ya wenzake wanaochungulia dirishani na kucheka ni sababu tosha. Pima mmoja mmoja, foleni ikiwa mbali. Presha ya kipimo cha kwanza karibu kila mara ndiyo ya juu zaidi. Ikiwa juu ya mstari, subiri dakika moja au mbili, pima mara mbili zaidi, na utumie wastani wa hizo mbili za mwisho.

Kwa kuchuja haraka hutahitaji jedwali lote. Angalia tena mtoto yeyote wa miaka 7 aliyefika 106 kwa 68, mvulana wa miaka 10 aliyefika 108 kwa 72 au msichana aliyefika 109 kwa 72, na wa miaka 12 aliyefika 113 kwa 75 kwa mvulana, 114 kwa 75 kwa msichana. Moja ya namba hizo mbili ikifika hapo, inatosha. Hii si mistari ya ugonjwa. Ni mistari ya kusema, lete kimo chake tulifungue jedwali.

Kwa nini siku tatu

Mstari wa 95 kwa maana yake yenyewe unaacha watoto watano katika kila mia juu yake. Kwenye shule ya watoto 400, hata kama wote wangekuwa wazima sawa na wale wa jedwali, takribani 20 wangeweza kuvuka siku ya kwanza. Wengi wao watarudi chini wiki inayofuata. Kumwambia mama katika siku ya kwanza kwamba mwanawe "ana presha" ni kumpa hofu isiyo na msingi, na neno hilo kijijini halifutiki. Aliyevuka 95 anapimwa tena baada ya wiki moja au mbili. Aliye kati ya 90 na 95 anaweza kusubiri miezi sita. Aliyefika hatua ya pili aonwe na daktari ndani ya wiki, na mwenye presha kubwa pamoja na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kutapika au degedege apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaobaki juu mara zote tatu wana hadithi mbalimbali. Kwa mdogo wa miaka 6 au chini, fikiria figo kwanza. Mtoto aliyeumwa koo wiki moja hadi tatu zilizopita, au aliyekuwa na upele uliooza ngozini wiki tatu hadi sita zilizopita, sasa anaamka na uso umevimba na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, figo zake zimewaka kwa sababu ya maambukizi hayo. Kijiti cha kupima mkojo, kinachopatikana kwenye vituo vingi vya afya, huonyesha damu na protini kwa dakika mbili. Mapigo ya paja yakiwa dhaifu kuliko ya mkono, ni ile kasoro ya mshipa mkuu. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kawaida presha yake iko chini kuliko ya wenzake, hivyo namba inayoonekana ya kawaida kwake isipuuzwe ikiwa inapanda kutoka ziara moja hadi nyingine. Kwa wakubwa, hasa wenye uzito uliozidi, mara nyingi hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Presha inafuata unene, chumvi na familia. Waliozaliwa na uzito mdogo nao wamo hatarini zaidi, kwa kuwa figo zao zilianza na vichujio vichache.

Kuhusu chumvi, ushahidi mmoja mzuri ulitoka hapa hapa. Utafiti wa Neil Poulter na wenzake, uliochapishwa 1990, uliwafuata Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, ukiwalinganisha na waliobaki. Presha ya waliohama ilikuwa juu zaidi mapema tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi na potasiamu kidogo. Walikuwa vijana na watu wazima, si watoto wa shule. Lakini chakula cha mjini sasa hakihitaji mtu ahame: kimefika kwenye kibanda kilicho mbele ya lango la shule, kikiwa krisps za pakiti, soseji, na chipsi zilizomwagiwa chumvi. Jikoni shuleni, githeri ya maharagwe na sukuma wiki ina potasiamu ya kutosha. Kinachoiharibu ni mkono wa mpishi na viungo vya pakiti, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi. Mpishi apime kwa kijiko badala ya kiganja, na chumvi ya kuongeza isiwekwe mezani.

Barua ya rufaa, iwe inakwenda kituo cha afya cha wadi au hospitali kubwa ya Kisumu, Nakuru au Eldoret, iwe na tarehe ya kuzaliwa, kimo, kilo, mzunguko wa mkono, saizi ya mkanda uliotumika, mkono uliopimwa, aina ya mashine, na namba zote za kila ziara pamoja na tarehe zake, si wastani peke yake.